Kilobaiti 96 Tu

Kila nikiusifu .kkrieger kuna jamaa wa kunicheka. Ati huo si mchezo, ni kiini macho: unaisha chai haijapoa, maadui wenyewe ni wajinga, bunduki chache. Sawa, hayo ni kweli. Sibishani nayo. Ninachobishia ni hilo neno "kiini macho".

Mwaka 2004 vijana wa Ujerumani waliojiita .theprodukkt waliupeleka kwenye mashindano ya Breakpoint, kitengo cha michezo isiyozidi kilobaiti 96, wakashinda. Kilobaiti, si megabaiti! Disketi ya zamani ya megabaiti 1.44 ingebeba nakala 15. Mwaka huo huo Doom 3 ilikuja kwa CD tatu. Nayo .kkrieger ina kumbi zake za giza, mawe na chuma, vivuli vinavyosogea, mashine zinazokujia kama buibui, na muziki juu.

Waliwezaje? Hawakukutumia pilau, walikutumia mapishi. Mchezo wa kawaida hubeba picha ya kila ukuta. Huu hubeba maagizo: anza na rangi hii, tia madoa, kwaruza, pinda. Maumbo huanza kama masanduku na mitungi, kisha yanavutwa na kubonyezwa hadi yawe nguzo au jitu. Muziki haukurekodiwa, unatengenezwa papo hapo. Kompyuta yako ndiyo jiko, ndiyo maana ukiufungua unangoja kidogo.

Na walivyoubana! Walitunga programu ya kufuta kila kipande cha msimbo ambacho hakikutumika mtu alipokuwa akiujaribu mchezo. Mjaribu hakubonyeza kitufe cha kupanda kwenye menyu, basi uwezo wa kupanda nao ukafyekwa. Menyu inashuka tu. Kasoro hiyo naipenda sana, inaonyesha mahali kisu kilipofika mfupa.

Sasa tazama gemu kubwa za leo. Gigabaiti 100 ni kawaida, yaani zaidi ya mara milioni moja ya .kkrieger. Tunaambiwa ndiyo maendeleo. Ya nani? Mwenye faiba nyumbani hahisi kitu. Lakini sisi wa kununua bando tunajua megabaiti ina bei, na anayeongeza uzito bila kufikiri halipi yeye, tunalipa sisi. Gemu umeinunua, ni yako, halafu inadai sasisho la gigabaiti 20 ndipo ikufungulie. Huko ni kufungiwa mlango wa nyumba uliyolipia kodi.

Sisemi kila mchezo ubanwe hivyo, wacha. Hadithi ndefu, sauti za waigizaji, hizo zina haki ya nafasi yake. Nasema ufundi wa kubana ni ufundi kamili, sawa na wa kuchora, na waliouacha waliuacha kwa sababu walaji wa hasara hawaonekani kutoka ofisini mwao.

Jamaa mmoja aliyeniambia .kkrieger ni fupi mno nilimuuliza kama ile gemu yake mpya, ya gigabaiti mia na ushee, ameifikisha mwisho. Akasema bado inashuka.