Njiwa wa Mamilioni, Banda Bichi: Nani Anavuta Lile Vumbi?

Najua wengi mmeingia humu kutafuta mwendelezo wa lile sakata la ndoa ya staa wetu. Tulieni, linakuja. Leo nina jambo la njiwa. Ndio, njiwa, msicheke kwanza.

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya watu wetu walioko Ghuba. Tajiri mmoja wa huko, jina kapuni, anaonyesha banda lake la njiwa wa mashindano. Taa za rangi, ukuta wa marumaru, AC, muziki unapiga, bosi kavaa kanzu nyeupe pee, kamshika njiwa utadhani kashika Kombe la Dunia. Watu wameshea balaa, "maisha ndiyo haya", "hela bwana". Lakini rudisha nyuma uangalie vizuri. Chumba cha kwanza kuna kijana anamwaga maji sakafuni kwa mpira. Chumba cha pili kuna mwenzake anafagia, vumbi jeupe limemjaa mpaka kwenye kope, hana hata barakoa. Huyo wa vumbi anasikika anasema kwa Kiswahili chetu kabisa, "Fungua basi dirisha." Dirisha halikufunguliwa. Klipu ikaendelea.

Sasa mimi naweka wazi msimamo wangu: lile banda ni bovu. Hata kama marumaru yake yanashinda nyumba za watu wengi tunaowajua. Banda la njiwa unalipima kwa mambo mawili, ukavu wake na afya ya anayelisafisha. Pale yote mawili yamefeli.

HELA IPO, HILO HATUBISHI

Kwa wasiojua huu mchezo, njiwa wa mashindano sio hawa wanaozurura kwenye paa la msikiti. Ni njiwa wa ukoo, anapelekwa mbali, anaachiwa, anarudi kwao mwenyewe, na anayefika kwa kasi kubwa kuliko wenzake ndiye mshindi. Ubelgiji ndiyo kwao na huu mchezo. Kuna mbio za kila mwaka njiwa wanaachiwa Barcelona, Hispania, na wa Ubelgiji anatakiwa aruke kama kilomita 1,000 kufika nyumbani. Kwa mabawa yake tu.

Bei zake sasa. Mwaka 2019 njiwa dume wa Ubelgiji anaitwa Armando aliuzwa kwenye mnada kwa zaidi ya euro milioni 1.2. Watu wakasema imetosha. Novemba 2020 akaja jike, New Kim, umri miaka miwili, akaenda kwa euro milioni 1.6. Kwa wakati ule hiyo ni zaidi ya shilingi bilioni 4 za Kitanzania. Mnunuzi alikuwa Mchina ambaye kwenye mnada alijificha nyuma ya jina la bandia. Kwa hiyo hata huko duniani majina yanawekwa kapuni, sio humu tu.

Ndio maana matajiri wa Ghuba, China na kwingineko wanajaa kwenye minada. Sikatai, hela yao. Ila njiwa akishalipiwa, akipanda ndege, akifika, anaingia wapi? Anaingia bandani. Na bandani hakuna ajuaye bei yake. Kidudu cha kuharisha hakisomi risiti.

MAJI NDIYO ADUI

Hapa ndipo wengi tunapotea, na sio matajiri peke yao, hata sisi wa njiwa wanne kwenye boksi la mbao nyuma ya nyumba. Tunafikiri usafi ni maji. Choo tunaosha kwa maji, gari tunaosha kwa maji, basi na banda tunapiga maji asubuhi na jioni likang'ae.

Njiwa hataki hivyo. Kuna ugonjwa wa kuharisha unaoitwa koksidiosisi, wafugaji wa kuku wanaujua vizuri. Vijiyai vyake vinatoka na kinyesi, na vikitoka tu haviwezi kuambukiza papo hapo. Vinahitaji vikomae kwanza, na ili vikomae vinataka vitu vitatu: joto, hewa na unyevu. Mazingira yakikubali, siku moja au mbili zinatosha. Joto Ghuba lipo, Dar lipo, Mombasa lipo. Hewa ipo. Kilichobaki ni unyevu, na huo unauleta mwenyewe kwa mpira wa maji. Mayai ya minyoo nayo ni hivyo hivyo, yanapenda ubichi.

Ukiongeza kinyesi kibichi kwenye joto, kinatoa amonia, ile harufu inayochoma pua na kukutoa machozi. Wewe unaingia dakika tano unatoka. Njiwa analala humo usiku kucha. Na ndege hapumui kama sisi, mapafu yake yameungana na vifuko vya hewa vilivyosambaa ndani ya mwili, na hiyo ndiyo injini inayomvusha kilomita 1,000. Uichafue halafu utegemee ushindi? Nafaka zikilowa zinaota kuvu, kuvu nayo inaingia kwenye hiyo hiyo injini.

Dawa za kuua vijidudu je? Nyingi hazifanyi kitu kwa vijiyai vya koksidiosisi. Moto na mvuke mkali ndivyo vinavyoviweza, ndio maana wafugaji wengine wanapitisha moto wa gesi kwenye sakafu na mbao, njiwa wakiwa nje na mtu yuko makini asije akachoma nyumba. Lakini dawa ya bei rahisi kuliko zote ni ukavu. Sakafu kavu inanyima hivyo vijiyai nafasi ya kukomaa.

WAZEE WA UBELGIJI HAWAKUWA NA MARUMARU

Kuna ndugu wa ukoo wa Janssen, mji wa Arendonk, Ubelgiji. Ukiongea na mtu yeyote anayejua njiwa wa mbio, jina hilo lazima litoke, damu ya njiwa wao imesambaa dunia nzima. Unajua njiwa wao walikaa wapi? Darini. Juu ya nyumba ya kawaida kabisa, chini ya paa.

Na Ubelgiji wengi walifuga hivyo, darini chini ya vigae. Sio bahati mbaya. Dari liko juu ya ardhi, kwa hiyo unyevu wa chini haufiki. Vigae vina upenyo mwembamba kati yake, hewa nzito yenye mvuke wa pumzi za njiwa inatoka taratibu juu bila upepo kuwapiga usiku. Hakuna AC. Hakuna taa za klabu. Hewa safi inaingia chini, chafu inatokea juu, basi.

Wewe wa huku huna dari la vigae, hamna shida. Inua banda kwa nguzo, hewa ipite chini ya sakafu. Paa litokeze nje ili mvua ya masika isipigie ndani. Mlango na madirisha visielekee upande mvua inakotokea. Chombo cha maji kiweke juu ya sinia ili wakimwaga yasiende sakafuni. Njiwa anapenda kuoga sana, mwekee beseni nje, akimaliza mwaga maji mbali. Nafaka kwenye ndoo yenye mfuniko. Na usijaze. Banda la njiwa ishirini ukiweka hamsini, hata usafishe vipi litakuwa bichi, maana pumzi na vinyesi vyao vinatosha kulilowesha.

Kusafisha kwenyewe, kwangua kila siku kwa chuma bapa, kabla kinyesi hakijarundikana. Ukiwahi kila siku ni dakika chache. Ukilimbikiza wiki nzima, hapo ndipo unapotamani mpira wa maji, na hapo ndipo vumbi linapozaliwa.

TURUDI KWA YULE DOGO WA VUMBI

Hapa ndipo roho yangu ilipo, wadau.

Vumbi la banda la njiwa sio vumbi la barabarani. Ni unga wa manyoya, njiwa wana ule unga mweupe unaobaki mkononi ukimshika, pamoja na kinyesi kilichokauka. Kuna watu miili yao inaukataa. Mapafu yanavimba kwa ndani. Madaktari wanaujua huu ugonjwa miaka mingi na Waingereza wameupa jina kabisa, pafu la mfuga njiwa. Dalili zake zina ujanja mbaya: hazitokei ukiwa bandani. Zinakuja baada ya masaa manne mpaka manane. Umefagia asubuhi, jioni unapata homa, baridi, kikohozi, kifua kinabana. Kesho yake unapata nafuu, unarudi kazini, jioni tena.

Sasa fikiria mtu wetu aliyekulia huku. Homa na baridi jioni atasema nini? Malaria. Atanunua vidonge. Atapona kidogo kwa sababu siku hiyo hakufagia, atasema dawa imefanya kazi. Miezi inakwenda, miaka inakwenda. Mtu akiendelea kuvuta lile vumbi, mapafu yanaweza kuota makovu, na kovu la pafu halifutiki. Ukigundua mapema na ukaachana na vumbi, wengi wanapona. Ukichelewa, unarudi nyumbani huwezi kupanda ngazi.

Bado kuna maambukizi mengine kwenye kinyesi cha njiwa, kuna fangasi anayeweza kufika mpaka kwenye ubongo, hatari zaidi kwa mtu ambaye kinga yake iko chini.

Mtaniuliza, maji hutaki, vumbi hutaki, asafishe kwa nini? Swali zuri. Kwangua kila siku, kikiwa hakijawa unga. Toa njiwa nje kwanza, wakiruka ruka humo wanatimua zaidi. Fungua madirisha yote. Ukikuta sehemu imekauka na kurundikana, nyunyizia maji kidogo pale pale unapokwangua, kama unavyonyunyizia nguo kabla ya pasi, kisha zoa, toa nje, acha pakauke kabisa kabla njiwa hawajarudi. Hiyo ni tofauti kubwa na kufurisha chumba kizima. Halafu barakoa, zile nzito za N95 au FFP2, kitambaa cha kawaida hakizuii ule unga. Nguo za bandani zibaki bandani. Na ukiwa na homa au kikohozi kisichoisha, mwambie daktari kwamba unafanya kazi na njiwa. Usipomwambia, hawezi kuota.

"ACHA WIVU"

Najua kuna watakaoandika hapo chini, "acha wivu, mtu na hela yake, na huyo dogo analipwa." Sawa, analipwa. Lakini analipwa mshahara wa kufagia, hakuuza mapafu. Mtu anayeweza kununua njiwa kwa bei ya nyumba anashindwa boksi la barakoa? Tena angejipenda tu, asimpende dogo. Vumbi linaloua kifua cha mfagiaji ndilo linalokaba pumzi ya njiwa wake. Kufungua dirisha ni bure.

Na sisi mashabiki tuna lawama zetu. Tunasifia kinachong'aa. Bosi anajua akiweka taa tutashea, akiweka sakafu kavu na kijana mwenye barakoa hakuna wa kuangalia. Ndio maana anaosha kwa maji mbele ya kamera.

Kwa hiyo kama una ndugu, rafiki, au mtu wa mtaani kwenu anayefanya kazi kwenye mabanda ya watu, Ghuba au hapa hapa, mtumie hii. Muulize swali moja tu: jioni ukitoka bandani unapata homa? Akisema ndiyo, asinunue vidonge tena, aende hospitali na aseme neno njiwa.

Na wewe mwenye boksi lako nyuma ya nyumba, leo jioni weka kiganja kwenye sakafu yake. Kikitoka na ubichi, umeshajua cha kufanya.

Haya, uwanja ni wenu. Nani hapa anafuga, na banda lako unalisafisha vipi?