Acorn na hesabu ya fedha za umma

Kila serikali inapotaka kuinua kiwanda cha nyumbani kwa fedha za umma, wapinzani huuliza: kikifilisika je? Nikiitazama Acorn, kampuni ya kompyuta ya Cambridge, Uingereza, naona swali hilo linaishia njiani.

Hermann Hauser na Chris Curry waliianzisha mwaka 1978. Mwaka 1981 BBC ilipotafuta kompyuta ya kwenda na vipindi vya kuwafundisha wananchi teknolojia hiyo, wahandisi wa Acorn, Sophie Wilson na Steve Furber, waliunda mashine ya majaribio kwa siku chache tu, ikawaka saa chache kabla wageni wa BBC hawajafika. Kazi wakapewa wao. Serikali nayo ikazilipia shule nusu ya bei ya kompyuta za Uingereza, na BBC Micro ikauzwa zaidi ya milioni moja.

Shuleni Acorn ilikuwa na kinga. Madukani haikuwa nayo. Electron, kompyuta yake ya pauni 199, ilikwama kiwandani Krismasi ya 1983, wateja wakiisubiri. Mwaka uliofuata mzigo ukafika, wateja hawapo. Hilo lilikuwa kosa la uongozi, wala ruzuku isisingiziwe. Februari 1985 Olivetti ya Italia ikachukua karibu nusu ya hisa.

Aprili 26 mwaka huohuo chipu ya kwanza ya ARM, prosesa ya Acorn iliyobuniwa na Wilson na Furber, ikawashwa. Furber akaweka mita apime umeme inaotumia. Mita ikasoma sifuri. Kumbe waya wa umeme haukuwa umeunganishwa kabisa! Chipu ilikuwa ikifanya kazi kwa umeme uliopenya kutoka saketi za jirani. Matumizi hayo madogo ndiyo yaliyoifanya ifae simu, na leo karibu kila simu janja inayouzwa Kariakoo ina prosesa ya ukoo huo.

ARM ilijitenga na Acorn ikawa kampuni mwaka 1990, ikishirikiana na Apple na VLSI. Acorn yenyewe ilivunjwa 1999. Kwangu, fedha za shule zilizaa matunda: zililea wabunifu ambao ujuzi wao haukufa na kampuni.

Kinachoniuma ni mwaka 2016. SoftBank ya Japani iliinunua ARM kwa pauni bilioni 24, na serikali ya Uingereza, wiki chache baada ya kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, ikashangilia. Ilipaswa kwanza kudai hisa kwa niaba ya walipa kodi waliolipia kompyuta zile za shule.