Tuta la Vitunguu Saumu ni Maabara

Walimu wa sayansi katika shule zetu za sekondari hulalamika mara kwa mara kwamba hawawezi kufundisha kwa vitendo kwa sababu hawana vifaa. Malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo, nyuma ya madarasa mengi ipo maabara isiyohitaji umeme wala fedha za kigeni, nayo ni bustani. Jambo la kusikitisha ni kwamba aghalabu bustani hiyo imefanywa mahali pa adhabu. Mwanafunzi aliyepewa jembe leo kwa kuchelewa kengele hawezi kuliona kesho kuwa ni chombo cha elimu.

Tuchukue mfano wa kitunguu saumu. Mmea huu kwa kawaida hauzai mbegu. Huzalishwa kwa punje zake, na kila punje hubeba urithi uleule wa mmea mama. Punje hupandwa ncha ikielekea juu, kina cha sentimita 3 hadi 5, zikiachana kwa sentimita 10 hadi 15, katika udongo tifutifu usiotuamisha maji. Baada ya miezi minne au mitano majani huanza kuwa manjano. Hapo maji husimamishwa, kisha vitunguu hung'olewa na kukaushwa kivulini.

Lakini je, kila bustani itazaa? La. Asili ya kitunguu saumu ni Asia ya Kati, kwenye baridi kali na siku ndefu za kiangazi. Ubaridi na urefu wa mchana ndivyo vinavyouongoza mmea kujenga tunguu. Kwetu, karibu na Ikweta, mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima. Kwa hiyo ubaridi huwa na uzito mkubwa zaidi. Ndiyo maana wakulima wa Mbulu huvuna, hali mwenye bustani Dar es Salaam huambulia majani, akalaumu udongo wake bure.

Je, mwalimu wa pwani asipande? Nasema apande, tena aandike alichokiona. Majani bila tunguu ni jibu kamili la swali kuhusu joto, nayo huliwa.

Niliwahi kuwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kazi ya kupanda punje kadhaa wima na nyingine zikiwa zimepinduliwa. Walipoleta ripoti, zaidi ya nusu waliandika kwamba zilizopinduliwa hazikuota, ilhali machipukizi yake, yenye shingo zilizopinda, yalionekana wazi kutoka dirishani. Sikuwalaumu. Kwa miaka mingi walikuwa wamejifunza kwamba alama hupatikana kwa kukisia jibu la mwalimu. Hii ndiyo hasara ninayoihofia kuliko upungufu wa vifaa: kijana mwenye macho asiyeyaamini.

Mwalimu wa kemia naye asikae kando. Punje nzima hainuki sana. Ikipondwa, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa ndani ya seli hukutana na aliini na kuzaa alisini, kemikali ya harufu ile kali. Alisini ilielezwa na Cavallito na Bailey mwaka 1944, walipoonyesha kwamba huzuia bakteria katika maabara. Wanafunzi waelezwe pia kwamba kuua bakteria katika kisahani si sawa na kumponya mgonjwa.

Wapo watakaosema kwamba muhtasari ni mrefu na mtihani u karibu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo yenyewe, na wanafunzi washiriki katika kupanga kazi zake. Tulilichukua jembe, tukaisahau mipango.

Basi hapana budi tuanze na machache: tuta moja, daftari moja la kumbukumbu, na alama kwa yule anayeandika kweli aliyoiona, hata kama inapingana na kitabu. Na kuanzia muhula ujao, adhabu ya jembe ikome.