Kalemie: kipindupindu hufuata bomba kavu

Kila kipindupindu kinaporudi Kalemie, lawama huwaangukia wavuvi na akina mama wa kando ya ziwa: hawanawi mikono, hawachemshi maji. Ushahidi wa Uvira, mji mwingine kwenye Ziwa hilihili la Tanganyika, unasema jingine. Watafiti walilinganisha rekodi za maji ya Regideso, shirika la maji la Kongo (DRC), na za wagonjwa waliolazwa kati ya 2009 na 2014. Siku isiyo na maji ya bomba ilifuatwa, ndani ya siku 12, na ongezeko la wagonjwa zaidi ya maradufu. Watu ni walewale, wenye mazoea yaleyale; kilichokatika ni maji, wakarudi kuteka ziwani.

Wapo watakaosema chanjo inatosha. Ilitolewa Kalemie 2013 na 2014, na ilistahili kutolewa. Lakini kinga yake hufifia baada ya miaka michache, na mji hupokea wasafiri wa boti na wakimbizi wa vita ambao hawajachanjwa. Kuchemsha nako kunataka makaa; mama anayehesabu makaa ya ugali hawezi kuyamalizia kwenye ndoo ya maji. Serikali ya jimbo itangulize pampu, umeme wake na mabomba ya mitaani, kabla ya mabango ya usafi.