Bursa ya Marekani, minervali ya Butembo: kodi inaingilia wapi?

Swali hili linarudi kila mara tukizungumzia masomo kwenye antena. Mtoto amepata bursa Marekani, jamaa yote imefurahi, kuku imechinjwa, na kisha miezi kadhaa anaandika kwenye WhatsApp ati Serikali ya kule imemkata kodi juu ya ile bursa. Huku nyumbani watu wanaangaliana. Bursa ni zawadi, kodi inatoka wapi tena? Wengine wanafikiri kijana amekula feza na sasa anatafuta maneno. Na ubaya wake ni kwamba wadogo zake wawili walioandikishwa chuo pale Butembo walikuwa wanangoja yaya atume kitu ndipo walipe tranche ya kwanza.

Mara nyingi kijana hasemi uongo. Lakini mara nyingi pia kuna feza anaiacha kwa Serikali ya Marekani kwa kutokujua, na hiyo ndiyo inatuuma zaidi.

Tuanze huku kwetu, juu hesabu ya kwetu ni fupi. Mzazi anayelipa minervali Musienene, Butembo ao Beni hasaidiwi na kodi hata kidogo. Mwenye mshahara anakatwa kodi ya mishahara, na risiti ya minervali haipunguzi kitu. Mtoto anahesabiwa pahali pamoja tu: kila mtu anayetegemea mfanyakazi anapunguza kodi kwa 2%, na hesabu inasimama kwa watu 9. Tuchukue mfanyakazi wa ONG ambaye, kisha kutoa CNSS, amebaki na franka 300,000 za kupigiwa kodi kwa mwezi. Kwa kipimo cha 2024, franka 162,000 za kwanza zinakatwa 3%, na zinazobaki 15%. Jumla ni franka 25,560. Mtoto mmoja anamrudishia 2% ya hiyo, ni kusema franka 511 kwa mwezi. Haifiki robo ya dola. Chuo kinamuomba mamia ya dola kwa mwaka.

Na huyo ni mwenye mshahara. Mkulima wa kakao ao wa kahawa, mama wa soko, motari, wao hawana hata karatasi ya kuandikia hizo franka 511. Kodi wanazolipa ni za barabara, za soko, za plaki. Elimu ya bure iliyoanza 2019 ilisimama kwenye shule ya msingi, chuo hakikuguswa. Bursa ya Serikali waliyopata wanafunzi wa wakati wa Zaire, wazee wetu wanaisimulia sawa hadithi. Kwa hiyo bursa inayopatikana leo ni ya shirika, ya kanisa, ao ya mpango sawa Excellentia wa fondasyo ya mama Denise Nyakeru Tshisekedi, ambao unachukua wale waliopata asilimia za juu sana kwenye mitihani ya Serikali. Wengine wanavuka Kasindi, wanasoma Uganda. Kule sheria ya kodi inasema wazi kwamba msaada wa masomo uliotolewa kwa nia njema, kwa kusoma kwenye chuo kinachotambulikana, haupigwi kodi.

Marekani wamefanya namna nyingine, na hapa inafaa kusoma polepole. Sheria yao inagawa bursa vipande viwili. Kipande kinacholipa minervali, malipo ya lazima ya chuo, vitabu na vifaa ambavyo kozi inaomba, hakina kodi. Kipande kinacholipa chumba, chakula na safari ni mapato, sawa mshahara. Haijalishi kama bursa yote ilitoka kwa mtu mmoja na kwa barua moja.

Mfano: bursa ni dola 20,000. Minervali ni 14,000, vitabu vya lazima 1,000. Dola 5,000 zinazobaki zinalipa kulala na kula. Kodi inaingilia kwenye hizo 5,000 tu.

Sasa kila kitu kinategemea kijana aliingia Marekani na karatasi gani. Aliyeenda na viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, kwa miaka 5 ya kwanza anahesabiwa kama mgeni kwa mambo ya kodi. Chuo chenyewe kinamkata 14% mbele ya kumpa, ni kusema dola 700 juu ya zile 5,000. Wengi wanaishia hapo, wanasema basi, ndiyo sheria. Kumbe 14% ni feza ya kushikilia tu. Akijaza fomu 1040-NR, na kama hana mapato mengine, kodi yenyewe kwa kiasi kidogo sawa hicho ni 10%, dola 500. Dola 200 ni zake, lakini asipojaza hakuna mtu atakayemkimbilia nazo. Karatasi ya kutafuta ni ile inayoitwa 1042-S, chuo ndicho kinaitoa.

Wengine walienda kama wakimbizi. Hao ni wengi kuliko tunavyofikiri: kwa 2023 na 2024 Kongo yetu ndiyo ilikuwa ya kwanza kwa hesabu ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, mbele ya programu kusimamishwa mwezi wa kwanza 2025. Mkimbizi anahesabiwa sawa mkaaji. Mtu asiye na ndoa, kwa mwaka 2025, dola zake 15,750 za kwanza haziguswi na kodi ya taifa. Mgeni wa F-1 hana hiyo nafasi.

Tena mkaaji ana haki nyingine: anayelipa minervali anarudishiwa mpaka dola 2,500 kwa mwaka, kwa miaka 4 ya kwanza ya chuo. Wanahesabu dola 2,000 za kwanza za minervali zote, na robo ya 2,000 zinazofuata. Kwa hizo 2,500, dola 1,000 mtu anaweza kuzipata mkononi hata kama hana kodi ya kulipa.

Hapa kuna kitu kinachoonekana kinyume. Tuchukue kijana wa miaka 26, anafanya kazi na kusoma, mshahara dola 20,000 kwa mwaka. Minervali yake ni 4,000, na Serikali imempa bursa ya Pell ya 5,000. Akisema bursa ndiyo ililipa minervali, hana minervali ya kudai, na 1,000 inayobaki inaingia kwenye mapato. Analipa kodi ya dola 525. Lakini sheria inamruhusu kusema Pell yote ilienda kwa chumba na chakula, na minervali aliilipa na mshahara wake. Mapato yanapanda, kodi inakuwa 925. Mtu ataogopa. Ila sasa anadai zile 2,500: 925 inafutwa yote, na anapata 1,000 juu yake. Badala ya kutoa 525, anapokea 1,000. Tofauti ni dola 1,525, na kwa Butembo hiyo ni masomo ya mtu.

Masharti ya bursa lazima yakubali matumizi hayo. Pell inakubali, nyingine zinasema minervali tu. Kodi ya jimbo analokaa nayo ni hesabu nyingine.

Kitu kimoja wazazi wasimlazimishe yaya: hawezi kuandika mdogo wake wa Butembo kama mtu anayemtegemea. Sheria inaomba huyo mtu awe raia wa Marekani, ao awe anakaa Marekani, Canada ao Mexico. Minervali anayotuma huku haimpunguzii kodi hata dola moja, ni upendo wake tu.

Na kuitumisha nako kumepanda bei kidogo. Tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2026, anayepeleka feza mkononi kwa ajensi ya kutumisha inchi ya nje anaongezewa kodi ya 1%. Kwa minervali ya dola 600 ni dola 6. Akituma kutoka konti ya banki ya kule, ao na karta ya banki ya Marekani, hiyo 1% haimhusu. Kwa hiyo mkimpigia simu juu ya tranche ya pili, mwambieni atume na karta.