Mvua ya Bunia si mvua ya Lubumbashi: El Niño inamwambia nini mlimaji wa mashariki?

Mwanzo wa mwaka 2024, mtu aliyefungua redio mashariki mwa Kongo alisikia habari mbili zisizopatana. Upande wa Kenya na Somalia, mafuriko yalikuwa yamebeba watu, nyumba na barabara tangu Oktoba 2023. Upande wa Zambia, tarehe 29 Februari, Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa: wilaya 84 kati ya 116 zilipigwa, na karibu hekta milioni moja za mahindi zikaharibika. Malawi ikafuata mwezi wa Machi, Zimbabwe mwezi wa Aprili. Na habari zote mbili zilipewa sababu moja: El Niño.

Sasa mlimaji wa Lubero ao wa Kalehe aamini gani? Ajitayarishe kwa maji mengi ao kwa jua kali?

Shida inaanza na namna ya kusema. Watu wanasema "Afrika imekauka", "Afrika inazama", kama vile Afrika ni kijiji kimoja. Bara hili liko na karibu kilometa za mraba milioni 30. Jangwa la Sahara peke yake lina karibu milioni 9, ni kusema karibu mara nne ya Kongo nzima. Na kule chini kabisa, Cape Town, mvua inanyesha wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, halafu Desemba jua linawaka. Hakuna tangazo moja la hali ya hewa linaloweza kufaa fasi zote hizo.

Lakini iko utaratibu, na si mgumu kuufahamu. Fasi jua linapopiga wima, hewa inapata moto na kupanda juu. Ikipanda, inavuta hewa yenye maji kutoka baharini, inapoa, mawingu yanajikusanya, mvua inaanguka. Kwa hiyo kuko mkanda wa mvua unaozunguka bara, na huo mkanda unafuata jua. Mwezi wa saba na wa nane uko kaskazini: ndipo mtama wa watu wa Saheli, Niger ama Chad, unakomea. Desemba na Januari umeshuka kusini, kwa Zambia na Zimbabwe. Na kila mwaka, ukipanda na ukishuka, unapita juu ya ikweta mara mbili. Ile hewa iliyonyesha mvua yake yote inashuka mbali, kaskazini na kusini, ikiwa kavu. Ndiyo sababu Sahara iko kule na Kalahari iko huku.

Wanainchi wa mashariki ya Kongo wanaishi kwenye njia yenyewe ya huo mkanda. Ikweta inapita katikati ya Butembo na Lubero. Ukienda kaskazini, Bunia inapata kipwa chake Desemba mpaka Februari, na Aru vilevile. Ukishuka Bukavu, kipwa ni mwezi wa sita mpaka wa nane. Kalemie kinaanza mapema zaidi, mwezi wa tano. Lubumbashi, mvua inakatika karibu na mwisho wa Aprili na watu wanaingoja mpaka Oktoba ao Novemba. Ni kusema mwezi wa Januari, wakati vumbi inaruka Aru, Lubumbashi iko kwenye matope. Inchi ni moja, lakini kalenda zinageukiana mgongo.

Miti inaandika jambo hilohilo. Garamba, kule Haut-Uélé, ni majani marefu na miti michache, yanayoungua moto kila kipwa. Shuka mpaka Epulu, ni pori nene lisilopoteza majani. Endelea mpaka Haut-Katanga, unakuta miombo, miti inayoangusha majani yake ili ivumilie miezi mitano bila mvua. Aliyesafiri kwa lori kutoka kaskazini mpaka kusini anajua hayo bila kusoma kitabu.

Ila ikweta peke yake haitoshi kueleza. Kisangani na Kismayo, kule Somalia, ziko karibu kwenye mstari mmoja. Kisangani inapata zaidi ya milimita 1,600 za mvua kwa mwaka. Kismayo haifikie 500. Huku pori, kule ngamia. Sababu ni kwamba pepo za Bahari ya Hindi zinapita sambamba na pwani ya Somalia bila kuingia sana ndani, na maji baridi yanapanda kutoka chini ya bahari na kuzuia mawingu. Bonde la Kongo, kinyume chake, linapata hewa ya maji kutoka Atlantiki, na tena pori lenyewe linarudisha maji hewani kupitia majani. Sehemu kubwa ya mvua inayonyesha ndani ya bonde ilikwisha kunyesha pale mbele, ikanywewa na miti, ikapanda tena.

Hapo ndipo El Niño inaingia. Maji ya Bahari ya Pasifiki yakipata moto kupita kawaida, pepo za dunia nzima zinasumbuka. Mara nyingi matokeo yake kwa pwani ya mashariki ya Afrika ni mvua nyingi kati ya Oktoba na Desemba, zaidi sana ikiwa Bahari ya Hindi upande wa Afrika nayo imepata moto, kama ilivyokuwa 2023. Kwa kusini ya Afrika, mara nyingi ni kinyume: mvua inakosa Januari na Februari, wakati mahindi yanatoa maua. Kivu iko katikati ya pande hizo mbili, na hapo alama ya El Niño haionekani wazi. Kwa Haut-Katanga jambo ni lingine: jimbo hilo liko mlango kwa mlango na Zambia.

Na juu ya yote, kuko milima. Kila mita 1,000 unazopanda, joto linapungua karibu digri 6. Rwenzori inafika mita 5,109: chini ni kakao na kahawa, katikati mianzi, juu kabisa barafu, ambayo inaendelea kuisha. Uvira na milima ya Itombwe zinaonana kwa macho, lakini bonde la Rusizi halifikie milimita 1,000 kwa mwaka, sababu milima inakamata mawingu mbele hayajashuka. Mtu wa Luvungi anamwagilia mpunga wake kwa mfereji. Jirani yake wa juu anatafuta namna udongo usiondoke na maji.

Hii si mambo ya masomo tu. Vita imesukuma watu wengi kutoka milimani mpaka mabondeni, kutoka jimbo moja mpaka lingine, na kila mmoja anabeba kalenda yake kichwani. Aliyezoea kupanda maharagi mwezi wa tisa kwa Msimu A, kama Kivu inavyofanya, akifika kaskazini ya Ituri anakuta watu wanapanda mwezi wa tatu. Mbegu ya mahindi inayokomaa haraka bondeni inachelewa sana kwenye mita 2,000, na baridi inaikuta. Mashirika yanayogawa mbegu sharti yaulize kwanza: hii mbegu ni ya urefu gani, na itafika mbele ya mvua ao nyuma? Mbegu nzuri ikichelewa wiki tatu, familia inaipika.

Tena, hata kama El Niño haigusi shamba lako, inaweza kugusa sahani yako. Haut-Katanga inakula bukari ya mahindi yanayotoka kwa sehemu kubwa Zambia. Zambia ilipokosa mavuno 2024, bei ya unga Lubumbashi ilipanda, na mama anayeuza kwa kipimo hakuhitaji mtu wa meteo kumweleza.

Ziwa Tanganyika nalo linafanya kazi hiyo. Linapokea maji ya mto Rusizi na ya mto Malagarasi unaotoka Tanzania, na lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie. Mvua kubwa ikinyesha magharibi ya Tanzania, maji yanakuja kupimwa kwenye kuta za nyumba za Uvira. Mwaka 2024 yaliingia ndani, Uvira na Kalemie.

Lakini si kila maji ni ya El Niño, na hapo viongozi wengine wamepata kisingizio chepesi. Mei 2023, El Niño haikuwa imetangazwa bado wakati mito ya Kalehe ilipofunika Bushushu na Nyamukubi na kuua zaidi ya watu 400. Mvua ilikuwa kali, kweli. Lakini milima iliyobaki bila miti na nyumba zilizojengwa kwenye njia ya maji haziletwi na Pasifiki.

Kwa mtu anayetaka kufuata utabiri, basi, swali la kwanza ni utabiri wa wapi. Kituo cha ICPAC cha Nairobi kinatabiri kwa inchi 11, na Kongo haimo. Lakini ramani yake kwa magharibi ya Uganda na kwa Rwanda ni ya karibu zaidi kwa Beni, Bunia na Goma. Lubumbashi na Kalemie zitazame utabiri wa SADC, unaotolewa mbele ya mvua za Oktoba. Mettelsat, shirika la serikali, ndiyo yenye kazi ya kutabiri kwa Kongo nzima, lakini kwa inchi kubwa hivi, vituo vya kupima mvua ni vichache mno. Chupa ya plastiki iliyokatwa, rula na daftari vinaweza kusaidia shule ao kikundi cha walimaji kuandika mvua ya kila asubuhi. Baada ya miaka mitatu, daftari hilo litaonyesha mvua ya kilima chao ilianza lini kila mwaka, jambo ambalo ramani ya Nairobi haiwezi kuonyesha.