Debe la Gitting na Injini ya Newcomen

Wanafunzi wengi huamini kwamba injini ya mvuke ilibuniwa na James Watt. Imani hiyo yafaa kusahihishwa. Mwaka 1712, yaani miaka 57 kabla ya Watt kupewa hataza yake, Mwingereza Thomas Newcomen, mfanyabiashara wa vyuma wa mji wa Dartmouth, alikwisha kusimamisha karibu na Dudley mtambo wa kuvuta maji kutoka machimbo ya makaa ya mawe.

Katika mtambo huo kazi kubwa haikufanywa na mvuke, bali na hewa. Mvuke uliingia katika silinda chini ya pistoni. Kisha maji baridi yalinyunyizwa ndani, mvuke ukageuka maji, na silinda ikabaki karibu tupu. Hapo kanieneo ya hewa ya nje iliisukuma pistoni chini, nayo ikavuta boriti iliyoendesha pampu. Baadaye Watt alitambua kwamba kuipoza silinda na kuipasha tena kila mara ni kupoteza moto mwingi. Ndipo akakitenga chombo cha kupozea mvuke. Asiyemwelewa Newcomen hawezi kumwelewa Watt.

Somo hili lina makao yake katika nyanda za juu kama za Gitting, kando ya Mlima Hanang. Kwenye mwinuko wa meta 2,000, kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 80 ya ile ya pwani, na maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi za Selsiasi. Ndiyo maana maharage hukawia kuiva huko. Kwa sababu hiyo hiyo, mtambo wa Newcomen kwenye mwinuko huo ungepungukiwa na karibu sehemu moja ya tano ya nguvu ambazo ungekuwa nazo Tanga.

Yasemwa kwamba pasipo maabara somo hili halina budi kukaririwa. Hoja hiyo haina nguvu. Mwalimu na achukue debe safi la bati lisilopata kutiwa mafuta wala dawa, achemshe humo maji kidogo likiwa wazi, aliepue, ndipo alifunike kabisa na kulimwagia maji baridi. Debe litabonyea mbele ya darasa zima. Mwanafunzi akiulizwa ni nini kilicholibonya, na akajieleza kwa maneno yake mwenyewe, atakuwa amejifunza zaidi ya yule aliyekariri majina na miaka kwa ajili ya mtihani.